Ibada ya mazishi ni ya nani?

Msiba ukiingia katika ukoo wenye Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, maneno huanza kabla hata jeneza halijafika. Mmoja anataka misa ya kumwombea marehemu. Mwingine anasema marehemu haombewi, mlango wake umeshafungwa. Wa tatu anataka mhubiri asimame mbele ya jeneza na kuwaita watu watubu. Wote wanasoma Yohana 11, wote wanakiri ufufuko wa wafu, na bado kila mmoja anamwona mwenzake kama mtu anayeharibu mazishi.

Ni rahisi kusema huu ni ubishi wa madhehebu na kuuachia hapo. Lakini chini yake kuna swali halali kabisa, ambalo makanisa yamelijibu kwa njia tofauti kwa karne nyingi: tunapokusanyika kumzika mtu, tunamhudumia nani? Yeye aliyelala pale mbele, au sisi tuliobaki? Ukilishika swali hilo, mambo mengi yanayowagombanisha watu msibani huanza kufunguka, kuanzia kuombea wafu mpaka kukataa kuzika.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana. Katika toleo la kwanza la mwaka 1549, padre ndiye aliyetupa udongo juu ya maiti, na alipoutupa alisema na maiti mwenyewe: naikabidhi roho yako kwa Mungu Baba Mwenyezi, na mwili wako naukabidhi ardhini. Miaka mitatu tu baadaye, 1552, viongozi wa matengenezo ya Kiprotestanti walikiandika upya. Udongo sasa unatupwa na watu waliosimama kando ya kaburi, na padre hasemi tena na marehemu. Anawaambia waliohudhuria kwamba Mungu, kwa rehema zake kuu, amependa kuitwaa roho ya ndugu yetu mpendwa, basi tunaukabidhi mwili wake ardhini. Marehemu alikuwa “wewe”, amekuwa “yeye”. Mabadiliko ya mistari michache, lakini ibada nzima imegeuka na kuwatazama walio hai.

Waorthodoksi wana jibu la tatu, nami nakiri kwamba linanigusa kuliko mengine. Katika ibada yao, waombolezaji wanapopita mmoja mmoja kumbusu marehemu mara ya mwisho, wimbo unaoimbwa ni maneno ya marehemu mwenyewe: nilieni, ndugu na rafiki zangu, jana tu nilikuwa nikizungumza nanyi, na ghafla saa ya kutisha ya mauti imenijia. Anaomba asindikizwe kwa sala. Hapo aliyekufa bado ni mwanakanisa mwenye sauti, anayeomba kitu kwa wenzake.

Upande wa pili kabisa wamesimama Wakalvini, Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohane Calvin. Calvin mwenyewe, alipokufa Geneva mwaka 1564, alizikwa bila fahari na bila jiwe la kaburi, kama alivyotaka. Mwongozo wa ibada ulioandaliwa na mkutano wa Westminster na kupitishwa na bunge la Uingereza mwaka 1645 uliagiza mwili usindikizwe kwa heshima mpaka makaburini na kuzikwa mara moja, bila ibada yoyote. Mchungaji, kama yupo, awakumbushe walio hai wajibu wao. Basi. Kwa waandishi wa mwongozo ule, kila sala iliyosomwa kaburini ilikuwa na hatari ya kumfanya mtu aamini kwamba anamsaidia maiti.

Kwa nini waliogopa kiasi hicho? Kwa sababu walikuwa wameona sala kwa wafu ikigeuzwa soko. Ubishi wa Luther wa mwaka 1517 ulianzia kwenye rehema, yaani vyeti vya kusamehewa adhabu ya dhambi, zilizotolewa kwa fedha, zikiwemo zile zilizosemwa kuwa zinaziondoa roho za jamaa toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kifo. Mjane maskini aliyeamini kwamba mateso ya mumewe yanarefuka kwa kuwa yeye hana fedha alikuwa amebebeshwa mzigo ambao Injili haikumpa. Kumwambia kwamba mumewe yuko mikononi mwa Mungu na hakuna malipo yanayodaiwa kulikuwa kumfariji kweli. Wanaodhani Waprotestanti walikataa kuombea wafu kwa ugumu wa moyo hawajaitazama habari hii vizuri.

Lakini sala hiyo ni ya zamani kuliko soko lililoiharibu. Monika, mama yake Augustino, alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Alitaka jambo moja tu, wamkumbuke altareni pa Bwana. Wakatoliki na Waorthodoksi huongeza 2 Wamakabayo 12, ambapo Yuda Makabayo anachangisha fedha kwa ajili ya sadaka ya dhambi za askari waliokufa. Waprotestanti hujibu kwa Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja na baada ya kufa ni hukumu. Wanaobishana hivyo mara nyingi husahau kwamba wameshika Biblia zisizolingana: ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya Mprotestanti 66, na Wamakabayo wamo katika ile ya kwanza tu. Hakuna atakayemshinda mwenzake kwa kunukuu kitabu ambacho mwenzake hana. Kinachowezekana ni kila mmoja kujua kwamba mwenzake hafanyi anachofanya kwa ushirikina wala kwa kukosa upendo.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba nguvu nyingi hutumika kugombania marehemu wakati yule aliyekuwa akifa aliachwa peke yake. Hapo hakuna ubishi kuhusu nani anahudumiwa. Mgonjwa ndiye.

Chukua mpako wa wagonjwa, yaani kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea, ambao kwa Wakatoliki ni sakramenti. Yakobo 5:14 inasema wazi: “Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.” Hakuna neno lolote pale kuhusu kukata roho. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza aliandika kwamba mafuta yaliyobarikiwa na askofu yaliweza kutumiwa na Wakristo wote katika shida zao wenyewe au za jamaa zao, si mapadre peke yao. Baadaye mpako ukafungwa pamoja na toba ya mwisho, ukasogezwa mpaka ukingoni mwa kifo. Katika Enzi za Kati watu waliuogopa hata wakaamini kwamba aliyepakwa akapona hana ruhusa tena ya kuishi na mkewe wala kula nyama, na viongozi wa Kanisa walilazimika kukemea imani hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulitamka mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya walio kufani peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita alitoa utaratibu mpya. Padre hapaki tena macho, masikio, pua na midomo kimoja kimoja. Anapaka paji la uso na viganja, akiomba Bwana amsaidie mgonjwa, amweke huru na dhambi, amwokoe na kumwinua. Mafuta yenyewe yanaweza kuwa ya mmea mwingine wowote pale ambapo ya mzeituni hayapatikani. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kupakwa. Mzee aliyedhoofika anaweza kupakwa. Aliyepakwa akapona, akiugua tena anapakwa tena.

Hata hivyo hofu ya kale haijaisha. Ndugu wanaahirisha kumwita padre ili wasimtishe mgonjwa, mpaka anaitwa mgonjwa akiwa hajitambui au ameshafariki. Aliyekwisha kufa hapakwi, isipokuwa kama kuna shaka kwamba bado yu hai. Padre atasali sala za marehemu, na familia itabaki ikijilaumu. Sakramenti ya wanaokufa hasa ni Komunyo, inayoitwa masurufu ya safari. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliagiza kwamba anayekufa asinyimwe masurufu hayo, hata kama alikuwa katika adhabu ya kutengwa. Na hapa iko tofauti ambayo waamini wengi hawaijui: mpako na maondoleo ya dhambi ni vya padre peke yake, lakini Komunyo hiyo inaweza kupelekwa na shemasi au mlei aliyeruhusiwa. Padre aliyevuliwa daraja naye anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye hatarini kufa. Mtu asiyebatizwa anayetaka ubatizo akiwa katika hali hiyo anaweza kubatizwa na yeyote, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Sheria ya Kanisa, inayolaumiwa kwa ugumu wake mahali pengi, hapa imefungua karibu kila mlango.

Waprotestanti, ambao hawahesabu mpako kuwa sakramenti, wana hazina yao. Mwaka 1519 Luther alihubiri juu ya kujiandaa kufa, na hakuanza na mbingu. Alianza na mali: mtu apange vitu vyake waziwazi ili asiwaachie ndugu ugomvi. Kisha asamehe na aombe msamaha. Baada ya hapo tu ndipo alipomwelekeza mgonjwa kumtazama Kristo badala ya kukodolea macho kifo na dhambi zake. Mchungaji anayemsaidia mgonjwa kuandika wosia na kumwita ndugu waliyekosana naye anafanya kazi ya kiroho kamili.

Zile saa za mwisho zenyewe watu wengi hawajawahi kuziona kwa karibu, na huogopa. Pumzi hubadilika. Mgonjwa huvuta hewa mara kadhaa kwa haraka, kisha hunyamaza mpaka walio chumbani wanatazamana, kisha huanza tena. Kooni husikika mkoromo wa mate anayoshindwa kuyameza. Vidole vya miguu hupoa kwanza. Ndugu hudhani anakabwa, na mhudumu anayejua huwaambia kwa upole kwamba mwili ndivyo unavyofunga kazi yake. Huyo mhudumu huketi, hasimami juu ya kitanda. Hutaja jina la mgonjwa na jina lake mwenyewe, hata kama macho yamefumba, kwa kuwa wauguzi wenye uzoefu hushauri kusema na mgonjwa kana kwamba anasikia. Husoma kitu ambacho mgonjwa alikijua kwa moyo tangu utotoni: “Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya.” Mtu aliyepoteza maneno yote anaweza bado kuchezesha midomo Baba Yetu inaposaliwa. Pamba yenye maji kwenye midomo iliyokauka, mkono juu ya mkono, kimya kirefu. Mahubiri hayana nafasi pale.

Wala uongo hauna nafasi. Kumwambia mgonjwa “utapona kwa jina la Yesu, kiri tu” wakati yeye mwenyewe anajua anakufa ni kumnyang'anya nafasi ya kuaga. Kuomba uponyaji ni haki ya kila Mkristo. Kumkataza mtu kuzungumza habari ya kifo chake, ati kukitaja ni kukosa imani, ni jambo jingine, na nimelihesabu siku zote kuwa miongoni mwa makosa mazito ya huduma ya siku hizi.

Liko pia swali la mashine na dawa, linalowatesa ndugu miaka mingi baada ya mazishi. Tulimuua tulipokubali mashine izimwe? Tulimharakisha tulipokubali morfini? Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari mwaka 1957: mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida za kurefusha uhai, na dawa ya kutuliza maumivu makali ni halali hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi nia si kuua. Cicely Saunders, Mwanglikana aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967 akiwa na fundisho kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Tiba shufaa ya leo, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, imetoka humo kwa sehemu kubwa. Mchungaji anayeyajua haya ataweza kumwambia binti aliyetia sahihi fomu ya hospitali kwamba hakumuua baba yake.

Nirudi kwenye mazishi, na kwenye swali chungu kuliko yote: kanisa linapokataa kuzika. Jambo hili lina historia, na si historia ya kujivunia. Kanisa la mwanzo lilijulikana kwa kinyume chake. Katika karne ya 3, tauni ilipoipiga Aleksandria, askofu Dionisio alisimulia jinsi Wakristo walivyowafumba wafu macho na vinywa, wakawabeba mabegani, wakawaosha na kuwavika sanda, wengi wao wakifa kwa ugonjwa uleule. Kaisari Juliano, aliyejaribu kurudisha dini ya zamani ya Roma katika karne ya 4, alilalamika kwamba imani ya Kikristo inakua kwa ukarimu wake kwa wageni na kwa inavyoshughulikia maziko ya wafu. Kuzika wafu kukaingia katika matendo saba ya huruma, ingawa Mathayo 25 inataja sita tu. La saba lilitolewa katika kitabu cha Tobiti, mtu aliyezika maiti za ndugu zake akijua angeweza kuuawa kwa kufanya hivyo.

Baadaye mazishi yakawa pia fimbo. Sheria ya Kikatoliki ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kilisema ibada isitumike kwa asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa, au aliyejitoa uhai kwa mikono yake. Sheria mpya ya Kikatoliki ya 1983 iliwaondoa waliojiua katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu ya 1992 ikaeleza kwamba msongo mkubwa wa nafsi, uchungu au hofu kuu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Waanglikana wa Uingereza walipiga kura katika Sinodi Kuu mwaka 2015 kuanza kuliondoa katazo lao.

Waliobaki katika orodha ya Kikatoliki ni wachache: waliojulikana hadharani kuwa wameiacha imani, waliochagua kuchomwa kwa kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa, na penye shaka askofu ndiye anayeulizwa. Mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo ambao wazazi walikuwa wameukusudia anaweza kuruhusiwa ibada. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, anazikwa kama mwamini. Sheria hiyohiyo inaagiza kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kwa hiyo Mkatoliki anayeambiwa baba yake hazikwi kwa sababu ya michango ambayo haikulipwa ana haki ya kuuliza ni kifungu gani kinachosema hivyo.

Makanisa yanayokataa hutetea uamuzi wao kwa kusema yanalinda ushuhuda. Nazielewa sababu zao, lakini tazama nani anayepigwa. Marehemu hasikii tena katazo. Anayelisikia ni mama, mjane na watoto, waliokaa kanisani miaka yote na leo wanasimama kaburini bila mtu wa kuwasomea hata zaburi. Mwenye kuamini kwamba ibada ni kwa ajili ya walio hai hana sababu hata moja ya kuwanyima. Mwenye kuamini kwamba ni kwa ajili ya marehemu angetegemewa kumwombea zaidi yule aliyemhofia zaidi.

Uchomaji wa maiti nitaupitia haraka. Kanisa Katoliki lilikataza mwaka 1886, kwa kuwa baadhi ya walioutangaza wakati ule walifanya hivyo kuikana imani ya ufufuko. Mwaka 1963 likaruhusu, likiendelea kupendelea kuzika. Agizo la mwaka 2016 lilisema majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa. Waorthodoksi kwa kawaida bado hawakubali. Waprotestanti wengi humwachia mtu na familia yake. Hakuna kanisa kati ya hayo linalofundisha kwamba Mungu anashindwa kumfufua aliyeungua.

Mahubiri yanahitaji muda zaidi, kwa sababu hapo ndipo wafiwa huumizwa mara nyingi. Mwongozo wa Misa ya Kirumi unataka mahubiri mafupi na unakataza hotuba ya kumsifu marehemu badala yake. Ndugu anaweza kusema maneno machache mwishoni. Sababu yake ni nzuri: ikiwa ibada ni orodha ya sifa, basi mwenye maisha yasiyosifika hana ibada. Makanisa mengine yamekwenda upande wa pili na kufanya jeneza kuwa jukwaa la kuwatishia wasiookoka. Paulo anaposema tusihuzunike “kama na wengine wasio na matumaini” hakatazi huzuni, na Yesu mwenyewe, akijua kwamba baada ya muda mfupi atamfufua Lazaro, alilia. Mhubiri anayewaambia wafiwa wasilie anadai imani kubwa kuliko ya Bwana wake. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na katika kitabu chote hakuna walichofanya vizuri zaidi.

Tahadhari nyingine ni hizi hatua tano za huzuni, kuanzia kukataa ukweli mpaka kuukubali, zinazotajwa sana kwenye semina za faraja. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumzia wagonjwa wanaokabiliana na kifo chao wenyewe. Kuzigeuza ratiba ya wafiwa, kisha kumwambia mjane kwamba kufikia sasa angekuwa ameshafika hatua ya kukubali, ni kumwongezea aibu juu ya msiba.

Na mjane huyo, watu wakishatawanyika, ni nani anayemkumbuka? Makanisa yanayoombea wafu yana faida hapa ambayo mara nyingi haitajwi: kalenda yao inarudi kwa wafiwa. Waorthodoksi hufanya kumbukumbu siku ya 3, ya 9 na ya 40. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Waliokataa sala hizo walijikuta na pengo, na baadhi wakaliziba. Mwaka 1816 mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, aliagiza Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, majira ya kujiandaa kwa Krismasi, iwe ya kuwakumbuka waliokufa, na mpaka leo katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Ujerumani majina ya waliofariki mwaka ule husomwa kwa sauti siku hiyo. Kanisa lolote, liwe linaombea wafu au haliombei, linaweza kutunza orodha hiyo. Mchungaji akiandika tarehe za vifo katika shajara yake ya kazi atajua ni nyumba ipi ya kubisha hodi baada ya mwezi, ipi baada ya miezi sita, na nani wa kumpigia simu asubuhi ile mwaka unapotimia.